Mapendo, Aliyetufundisha Kucheza

Siku hizi mtu mzima akitaka kucheza, anatafutiwa mtaalamu. Sisi tuliokulia Ujiji tulikuwa na Mapendo.

Hakuwa mkubwa kuliko sisi, wala nguvu hakuwa nazo. Alikuwa kitoto chembamba kilichokuwa kikiishi na bibi yake, bibi aliyevuka ziwa kutoka Kongo na furushi la nguo na mdomo mkali. Lakini jioni Mapendo akishamaliza kuosha vyombo akasimama pale uchochoroni na kuita, tulitoka kila nyumba kama kuku waliosikia mtama unamwagwa. Yeye ndiye aliyeamua kama leo ni rede, mdako au kombolela. Ukibisha, unaambiwa nenda kacheze na bibi yako. Hakuna aliyetaka kucheza na bibi yake, kwa hiyo hatukubisha.

Mchezo wake mkubwa ulikuwa wa meli. Tulishikana viuno mstari mrefu, yeye mbele, akipiga honi ya Liemba, meli ya ziwa letu, kwa mdomo mpaka wazee waliokuwa wakinywa kahawa wanageuka kutazama bandarini. Abiria wengine walishukia bandari ya Kirando, wengine Kasanga. Kila mmoja alipaswa kusema anakwenda kwa nani na amebeba nini. Mimi kila siku nilibeba mawese, na mpaka leo nauza mawese soko la Mwanga, kwa hiyo msiseme michezo ya watoto ni upuuzi.

Na kulikuwa na kujipikilisha. Watoto wa mitaa mingine walipika mchanga na majani wakaridhika. Mapendo alitaka moto wa kweli na dagaa wa kweli. Baba wa nyumba alikuwa Amuri siku zote, kwa sababu Amuri alikula chochote alichopakuliwa. Siku moja ugali ulimwagika, tukauzoa pamoja na mchanga, tukampa. Akatafuna polepole, akameza, akasema, "Mke wangu, leo chumvi imezidi." Mimi nasema hiyo ndiyo siku Mapendo alipompenda, ingawa harusi ilikuja miaka mingi baadaye.

Huyo Amuri alikuwa mtoto wa mjomba wangu. Katika ukoo wetu, watoto wa mjomba na wa shangazi ni watani toka tumboni. Niliruhusiwa kuyatukana masikio yake mbele ya wakwe, naye aliruhusiwa kuniita Eufrasia mke wa wazee, na hakuna aliyenuna. Alipomwoa Mapendo, yule kiongozi wetu wa michezo akawa wifi yangu, na utani ukanoga.

Walihamia Kibirizi, kule vipe vinakoshushia dagaa. Kipe ni ule mtumbwi mkubwa wa wavuvi wa taa. Amuri akawa mvuvi, Mapendo akawa mwanikaji wa dagaa. Mtu asiyekaa kwetu hajui kwamba maisha yetu yanaendeshwa na mwezi. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa kwenye giza, kwa sababu taa ndiyo inayowavuta. Mwezi ukijaa, taa haina kazi tena. Vipe vinapandishwa mchangani na watu wanapumzika mpaka giza lirudi. Hizo tunaziita siku za mbalamwezi. Ndipo nyavu zinaposhonwa, harusi zinapofungwa, na ugomvi wa zamani unapokumbukwa, maana watu wamepata nafasi.

Mapendo alizitumia kucheza. Ndiyo, mwanamke mwenye binti anayesoma sekondari. Aliwakusanya waanikaji wenzake pale pale walipoanika dagaa, wakajifunga khanga kiunoni, wakacheza rede mpaka jasho linawatoka. Wanaume walileta mabenchi. Amuri alikuwa mwamuzi, na alimpendelea mkewe waziwazi. Nikikumbuka kile kicheko cha wanawake na vumbi la ule mchanga, nasahau kuhesabu chenji ya mteja. Tulikuwa matajiri na hatukujua.

Halafu yakaja masika ya ule mwaka mbaya. Upepo ulitokea kusini bila salamu, ukakuta vipe viko mbali. Cha kina Amuri kilipinduka. Baadhi ya wenzake walifika ufukweni wakiwa hai, wengine walipatikana wakazikwa. Amuri hakupatikana. Wavuvi walimtafuta huku na huko, wakauliza mpaka vijiji vya mbali, wakarudi wameinamisha vichwa.

Tulikwenda kupiga turubai la msiba, kama desturi. Mapendo alisimama mlangoni akamwambia Mzee Nikodemu, baba mdogo wa Amuri, "Baba, naomba hilo turubai lirudi lilikotoka. Mume wangu hana kaburi. Asiye na kaburi hajafa."

Mzee Nikodemu ndiye aliyemlea Amuri. Naye moyoni hakutaka kumzika. Akaona neno la mkwewe ni jema, akaamuru turubai likunjwe. Ndivyo tulivyokosea, kwa mapenzi matupu.

Nieleze kwa nini lilikuwa kosa. Kwetu, siku ya kuanua matanga, mtani wa marehemu anavaa nguo zake. Anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, anadai chakula, anamchokoza mjane mbele za watu. Mwisho anajilaza kwenye mkeka akigoma kuondoka mpaka mjane ampe neno la kuondokea. Watu wanacheka mpaka kicheko kinageuka kilio, na hapo msiba unakuwa umefanya kazi yake. Lakini hilo hufanyiwa marehemu tu. Kumfanyia mtu aliye hai ni uchuro, ni kumwitia kifo. Maadamu Amuri hakuwa ametangazwa marehemu, mimi mtani wake nilifungwa mikono. Niliuza mawese yangu, nikanyamaza. Wanaonijua wanajua kunyamaza kunanigharimu kiasi gani.

Mapendo naye alikauka. Aliacha kwenda ziwani. Dagaa aliozoea kuwaanika mwenyewe, sasa aliwaachia wengine. Kila jioni alipakua sahani ya Amuri, akaifunika kawa, akaiweka mezani. Upepo ukivuma alikaa kitandani ameegemea ukuta, macho mlangoni. Na kucheza ndiyo kulikwisha kabisa. Siku za mbalamwezi zilikuja na kuondoka, na pale walipokuwa wakicheza rede palilala nyavu za watu.

Tungeweza kumwacha hivyo, wako wengi wanaoishi hivyo. Lakini kulikuwa na Ritha, binti yao wa pekee. Ritha alichumbiwa na Elikana, fundi wa injini za boti, kijana mtaratibu anayenuka petroli na heshima. Mahari ilipokewa na Mzee Nikodemu, ikabaki tarehe tu. Na tarehe ndiyo Mapendo aliyoikataa.

"Ritha ataolewa baba yake akirudi," alisema. "Kwani nani atampeleka kanisani?"

Mwaka ukapita, na mwingine. Mshenga, Mzee Leodgar, alikuja akanywa chai akarudi mikono mitupu, akaja tena yakawa yale yale. Safari ya mwisho alikataa hata chai. Alisema kwa upole kwamba familia ya Elikana inaomba tarehe kabla mbalamwezi hii haijaisha. Wasipoipata, watajua wamejibiwa, watamtafutia kijana wao kwingine.

Ritha alikuja kulia kwenye meza yangu sokoni, mbele ya wateja. "Shangazi, watu wananiambia niolewe tu, mama atazoea. Lakini nitamwachaje amekaa peke yake na ile sahani?"

Nilimpa kitambaa cha kufutia madumu ajifute machozi, akatoka na uso wa mawese.

Wakati huo alikuwa ameshafika Kibirizi dada mmoja, Diana, mshauri wa watu waliopatwa na misiba mizito. Alikuwa msichana mdogo, ukimtazama utadhani anakuja kuuliza njia. Alizunguka nyumba za waliopoteza watu ziwani, akatuomba tukutane ukumbi wa kanisa siku za mbalamwezi, ambapo hakuna dagaa wa kuanika. Ritha alimbembeleza mama yake aende. Mimi nilikwenda kumsindikiza, nikapewa kiti kama wenzangu.

Mezani tulikuta udongo wa mfinyanzi, rangi, vitambaa, wanasesere, na beseni kubwa la mchanga. Niliona haya kwa niaba ya kila mtu.

"Mwanangu," nikamwambia, "sisi tuna wajukuu. Hivi vitu ungewapa wao."

Alicheka. "Shikamoo mama. Wajukuu wako wakiogopa kitu, wanafanyaje?"

Nikafikiri, nikamsimulia. Mjukuu wangu alipofukuzwa na mbwa, wiki nzima alicheza mbwa. Mara yeye ndiye mbwa, mara mimi ndiye mbwa, mpaka siku moja akasahau.

"Anacheza mpaka linamtoka," Diana alisema. "Mtu mzima anabaki nalo ndani kwa sababu anaona aibu kucheza. Na lipo jambo mdomo unalikataa, lakini mkono ukishika udongo unalisema."

Nikachukua donge la udongo bila kubisha. Hilo huwa halinitokei.

Basi tukacheza. Kulikuwa na mjane mmoja, mpole kama maji ya mtungi, aliyefinyanga kichwa cha mumewe, akakitazama, akavua kandambili akakichapa. "Nilikuambia usiende," akawa anasema, "nilikuambia." Tulicheka, naye akacheka, halafu tukamshika mabega. Alirudi nyumbani anatembea vizuri zaidi.

Mapendo alikaa karibu na mlango na pochi mapajani, kama mtu anayesubiri gari. Alitazama tu. Mpaka siku moja alisogea mwenyewe kwenye beseni la mchanga. Alisawazisha, akachora mistari ya dagaa walioanikwa kwa ncha ya kidole, safi kabisa, akajenga nyumba ya kiberiti. Halafu akachukua kitambaa, akafunika upande mzima wa beseni.

Diana alichuchumaa kando yake. "Hapa pana nini, mama?"

"Ziwa."

"Limefunikwa."

"Nimelifunika mimi. Sitaki linione."

Diana hakuuliza zaidi. Mimi ningeuliza, ndiyo maana kazi ile si yangu. Lakini jirani yake alipoweka mtumbwi wa udongo juu ya kitambaa, Mapendo aliutoa akasema, "Kipe hakina pua hiyo," akaufinyanga upya. Nikaiona ile sauti ya uchochoroni Ujiji ikipita usoni mwake, kisha ikajificha.

Tulipotoka, Diana aliniuliza kwetu watu walimaliza vipi misiba zamani. Nikamweleza habari za mtani na nguo za marehemu. Alisimama kusikiliza, jua lote lile.

"Na Amuri alifanyiwa?"

"Amuri hajafa," nikasema. "Uliza mtu yeyote."

Akaelewa. Akanivuta kivulini, akasema, "Mama Eufrasia, siwezi kukutuma. Na yeye asilazimishwe hata kidogo. Kama ipo njia ya kumwuliza, mwulize yeye."

Mwezi ulikuwa umeshaanza kuchelewa kutoka. Bado kidogo tu giza lirudi na vipe viingie majini, na Mzee Leodgar akapeleke jibu la kukataliwa. Nilikwenda kwa Mapendo mchana. Nilimkuta anachambua mchele. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yote yakanikimbia.

"Wifi," nikasema, "nimekuja kuomba koti la Amuri."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Alijua. Kwetu hakuna asiyejua mtani anataka koti la mtu kwa kazi gani. Nilisubiri anitupie ule ungo, na ningeona amefanya haki. Tangu utotoni tulikuwa hatujawahi kununiana, na nilikuwa natia urafiki wote ule kwenye neno moja.

Aliingia ndani. Alikaa huko mpaka nikafikiri nimefukuzwa bila kuambiwa. Alipotoka alikuwa amelibeba mikononi, limekunjwa vizuri.

"Usilivae hapa," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Kesho yake ukumbini nililivaa. Nikavuta na suruali ya kaka yangu, nikaifunga kamba. Wenzangu walikaa kuzunguka mkeka, Ritha na Mzee Nikodemu nao wakaja kwa ruhusa ya Mapendo. Diana alikaa chini pamoja nasi. Nikaingia nimetanua mabega, nikaunguruma kiume. Watu wakacheka kwa adabu. Nilicheza vibaya, kweli.

Mapendo alikunja uso. "Amuri hakuingia nyumbani hivyo," akasema. "Alikohoa kwanza mlangoni, nijue ana njaa."

Nikatoka nje, nikakohoa.

"Zaidi kidogo. Na mguu wa kushoto aliuburuza, aliumizwa na nanga."

Nikauburuza. Akanirekebisha mkono, akanirekebisha shingo, akasimama kabisa kunionyesha namna alivyokuwa akishika kofia. Aliponiachia, sikuwa naigiza tena. Mzee Nikodemu aliziba mdomo kwa kiganja.

"Mke wangu," nikasema kwa sauti ya Amuri, "hiyo sahani naambiwa ni yangu. Kila jioni unapakua, kila asubuhi iko tupu. Nani ananilia ugali wangu?"

Ritha alichekea puani. "Mimi, baba," akasema. "Nilikuwa nasikia njaa."

Na Mapendo akacheka. Si kile kicheko cha kumridhisha mgeni, bali kile cha kwenye rede, kilichomfanya mtu ashike mbavu. Ukumbi mzima ukacheka naye. Nikamdai samaki, migebuka wa kuchoma, nikamdai pilipili, nikamwambia amezeeka na mimi huko niliko bado kijana. Akanirushia kitambaa. Halafu nikafanya kama desturi inavyotaka. Nikajilaza kwenye mkeka, nikafumba macho.

"Siondoki," nikasema. "Nipe neno la kuondokea."

Nilisikia khanga yake ikipita, akakaa karibu na kichwa changu. Vidole vyake vikashika ukingo wa koti, pale penye uzi usio na kifungo.

"Uliniambia nishone kifungo," akasema. "Nikasema kesho. Ukaenda bila koti." Alivuta pumzi. "Miaka yote hii, upepo ukivuma, nafikiri unasikia baridi na mimi ndiye niliyekuacha hivyo."

Mtani haruhusiwi kulia. Nikajibu kama ambavyo Amuri angejibu. "Mke wangu, ule upepo ulipindua kipe kizima. Kifungo kimoja kingeuzuia?"

Alitoa sauti ambayo sikujua ni kicheko au nini. Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu lile turubai likunjwe. Alilia kwa sauti kama mtu mwenye msiba. Wanawake wakamlilia pamoja naye, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Diana naye machozi yalikuwa yanamshuka.

Alipomaliza alijifuta uso kwa pindo la khanga.

"Amuri," akasema. "Ritha anaolewa mbalamwezi ijayo. Baba Nikodemu ndiye atakayempeleka kanisani. Hatutakungoja tena. Nenda salama, mume wangu."

Hilo ndilo neno la kuondokea. Nikilisikia, napaswa kuinuka, kutoka mlangoni bila kugeuka nyuma, na kulivua koti nje. Ndivyo nilivyoona watani wote wakifanya. Lakini miguu iligoma. Nilikuwa nimelala pale ndani ya koti la mtoto wa mjomba wangu, na ndipo iliponiingia kwamba hataniita tena mke wa wazee, wala sitayatukana tena masikio yake. Kwikwi ikanishika. Mimi mtani, niliyekuja kumliza mjane, nikalia mpaka kola ikalowa.

Diana alitaka kuinuka, Mapendo akamzuia kwa mkono. Akaniinamia, akanishika makwapa yote mawili kama mtu anayemwinua mtoto aliyeanguka.

"Wifi, hata kufa hujui," akasema. "Inuka twende kwa Mzee Leodgar tukampe tarehe."